Safari ya kusoma ughaibuni: Ufadhili usituchagulie elimu

 

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, misikitini kwetu husikika matangazo baada ya swala ya Ijumaa. Ipo nafasi ya kusoma Misri, ipo ya Saudi Arabia, ipo ya Uturuki; mwenye kijana alete vyeti na picha za pasipoti kabla ya Jumatano. Mzazi hutoka mbio kwenda kutafuta vyeti. Njiani jirani humuuliza, "Anakwenda nchi gani?" Ni nadra kusikia akiulizwa, "Anakwenda kusoma nini, na akirudi atafanya nini?"

Hapo ndipo ilipo kasoro yetu. Tunatanguliza nchi na kuichelewesha elimu. Tena mara nyingi hata hiyo nchi hatuichagui sisi. Anayetuchagulia ni aliyeleta tangazo.

Uislamu haukutufundisha kusafiri hivyo. Wengi wetu tunapenda kuitaja ile kauli ya kuitafuta elimu hata China, ambayo wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha. Tunayo dalili yenye nguvu zaidi ndani ya Qur'an. Katika Suratut-Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu (SW) anaelekeza kwamba katika kila kundi watoke baadhi tu wakajifunze dini, kisha warejee kuwaonya watu wao. Tuzingatie mpangilio wake: hawatoki wote, wanaotoka wanajua wanachokifuata, na marejeo yao yametajwa kabla hawajaondoka.

Tuitazame pia Hijra ya kwanza, mwaka wa tano wa Utume. Bwana Mtume (SAW) hakuwaambia masahaba wake waliokuwa wakiteswa Makka watawanyike popote. Aliwaelekeza Uhabeshi, akawapa na sababu: huko kuna mfalme ambaye mbele yake hadhulumiwi mtu. Nchi ilichaguliwa kwa sifa iliyolingana na haja ya wasafiri. Je, sisi tunaopeleka vijana wa miaka kumi na tisa ugenini kwa miaka minne au mitano tunayo sababu kama hiyo?

Ndugu Waislamu, matukio ya karibuni yametupa funzo zito. Kwa miongo kadhaa Sudan ilikuwa mlango wa elimu kwa vijana wa Afrika Mashariki, na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichopo Khartoum kimesomesha wengi wao. Tarehe 15 Aprili 2023, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani, vita vilizuka katika mji huo kati ya jeshi na kikosi cha RSF. Watanzania zaidi ya mia mbili, wengi wao wanafunzi, walilazimika kuondolewa kwa njia ya barabara hadi Ethiopia na kurejeshwa nyumbani. Mwaka mmoja kabla, Februari 2022, wanafunzi wa udaktari waliokuwa Ukraine nao walikumbwa na msukosuko kama huo.

Hatusemi kwamba wazazi wale walikosea. Ghaibu haijui ila Allah. Lakini yapo yaliyo katika uwezo wetu. Mwanafunzi ambaye kila mwisho wa mwaka hutuma nyumbani nakala za matokeo yake zilizogongwa muhuri, siku ya dhiki anakuwa na pa kuanzia. Aliyeacha kila kitu katika ofisi ya chuo, na ofisi ikaungua, hana hata la kumwonyesha msajili wa chuo kingine.

Jambo la pili ni kutambuliwa kwa shahada. Hapa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo yenye dhamana ya kuzitambua na kuzilinganisha shahada za nje. Wengi hufika katika ofisi zake baada ya kumaliza masomo, wakati wa kutafuta kazi. Suala hili lilipaswa kuulizwa kabla ya kupanda ndege. Kwa udaktari, uuguzi na ufamasia, mabaraza ya taaluma nayo yana masharti yake ya usajili.

Hapa pana utata unaowaponza vijana wetu wengi. Sharia si sawa na sheria. Kijana anayesoma kitivo cha Sharia anapata elimu tukufu, nasi tunahitaji makadhi na masheikh. Lakini ikiwa nia yake ni kuwa wakili, atakuta Shule ya Sheria ya Tanzania inadai shahada ya sheria inayotambulika. Apime mapema, achague chuo kinachofundisha alilolikusudia, asije akalaumu watu mwishoni.

Tatu ni lugha na muda. Al-Azhar ya Misri na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, hufundisha kwa Kiarabu, na asiyekijua vyema huanza na masomo ya lugha. Uturuki nako aghalabu hutangulizwa mwaka wa Kituruki. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu cha Malaysia, kilichoanzishwa mwaka 1983, hutumia Kiingereza kwa sehemu kubwa. Mzazi aliyehesabu miaka minne huenda akajikuta kwenye mitano au sita. Hesabu hiyo ifanyike mezani, nyumbani.

Nne ni neno "ufadhili". Tuulize: unalipa ada peke yake, au na malazi na chakula? Tiketi ya kurudi ni ya nani? Akiugua, nani anamtibia? Akifeli mwaka mmoja, ufadhili unakatika? Na wakala anayedai fedha kabla ya barua ya chuo kuonekana, tumwombe barua kwanza, kisha tuwaulize chuo wenyewe kama wanamjua.

Kwa mabinti, maswali ni hayo hayo na ziada juu yake: nani atampokea, na bweni lake linasimamiwaje. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu safari ya mwanamke bila mahram. Basi familia imwendee sheikh inayemwamini mapema, wala isisubiri siku ya uwanja wa ndege.

Atatokea wa kusema, "Mimi nimeswali istikhara, yatosha." Istikhara ni sunna tukufu. Lakini aliyetufundisha istikhara ndiye aliyeipanga Hijra ya Madina kwa makini: ngamia wawili waliolishwa kwa miezi, kiongozi wa njia mwenye ujuzi aliyekodiwa ingawa hakuwa Muislamu, na siku tatu za kujificha katika pango la Thaur, kusini mwa Makka, ilhali Madina iko kaskazini. Kutawakali hakukumzuia kupanga.

Tena si kila elimu inahitaji bahari. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kipo tangu mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Zanzibar tangu 1998, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, Mbale, tangu 1988. Somo linalopatikana karibu, kwa gharama ndogo na shahada inayotambulika, lisidharauliwe kwa kuwa halina picha ya ndege.

Mwisho, jukumu hili si la mzazi peke yake. Kamati za misikiti zinazosoma matangazo zina amana. Ziwaite waliosoma huko na kurejea, wazungumze na vijana kwa ukweli, yaliyo matamu na yaliyo machungu. Na zijiulize mtaa wetu unapungukiwa na nini: daktari wa kike, mwalimu wa hisabati, mhasibu wa kusimamia wakfu, au sheikh mwenye kuijua vyema fiqhi ya mirathi? Kisha ndipo nafasi itafutwe kwa ajili ya haja hiyo.

Ijumaa ijayo tangazo litakaposomwa, tusianze na nchi. Tuanze na swali la aya: wakirejea, watawarejeshea nini watu wao?