Mpira: Klabu ndogo za Goma zinapata nini katika mikataba na klabu kubwa?

Mwaka 2025 jina la nchi yetu limeingia katika viwanja vikubwa vya Ulaya. Serikali ya Kinshasa ilisaini na AS Monaco, ikasaini na AC Milan, na mwisho wa Julai ikatangaza mkataba wa misimu minne na FC Barcelona, ambao vyombo vya habari vilisema unazidi euro milioni 40. Maneno yanayoita Kongo moyo wa Afrika yakawekwa mgongoni mwa jezi za mazoezi za Barcelona. Wengi walibishana kuhusu bei: pesa zote hizo, wakati huu, kwa jezi? Ubishi huo una haki yake. Lakini kwa mtu wa Goma anayefuata mpira wa katiye, kuna swali lingine ambalo halikuulizwa sana. Je, mikataba hii inafika hadi kwenye ekipe ndogo inayomfundisha mtoto?

Barcelona yenyewe ilisema kutakuwa na kambi za mafunzo kwa vijana, katika mpira wa miguu, kikapu, mpira wa mikono, futsali na hata hoki ya viatu vya magurudumu. (Huo wa mwisho, kwa barabara zetu za mawe ya volkano, tuuache kwanza.) Kambi ni jambo zuri. Mtoto anafundishwa siku chache, anapewa fulana, anapigwa picha. Lakini kambi si ushirika wa klabu na klabu. Serikali ndiyo iliyosaini, na klabu za hapa, DC Virunga, Dauphin Noir, Kabasha, si upande wowote katika karatasi hiyo.

Ushirika wa kweli kati ya klabu kubwa na ndogo ni biashara yenye sheria zake, na wanaoujua zaidi ni watu wa hoki ya barafu, Marekani na Kanada. Ligi kubwa yao, NHL, ina klabu 32. Chini yake kuna ligi ya AHL, nayo ina klabu 32, na kila moja imefungwa kwa mkataba na klabu moja ya juu. Kubwa inatuma vijana wake wakakomae huko chini na inalipa mishahara yao. Ndogo inauza tiketi na kujaza uwanja wake. Kubwa ikimhitaji kijana leo, leo hiyo anaondoka, hata kama ndogo ina fainali kesho.

Hershey Bears, ya mji mdogo wa Pennsylvania, ni mali ya kampuni ya hapo hapo mjini, lakini tangu 2005 inapokea wachezaji wa Washington Capitals. Imebaki na jina lake, na mkataba ukiisha itabaki Hershey. Utica Comets, katika jimbo la New York, iliishi na Vancouver Canucks kuanzia 2013. Mwaka 2021 Vancouver iliamua kuwaleta vijana wake karibu na nyumbani, Abbotsford, na Utica ikabaki bila mchezaji hata mmoja wa Vancouver. Iliokoka kwa sababu ilikuwa na uwanja na watazamaji wake, ikasaini na New Jersey Devils. Klabu ndogo isiyo na kitu chake yenyewe ingekufa siku ile.

Afrika tuna mifano yetu. Génération Foot ya Dakar ilianza mwaka 2000 na baada ya miaka michache ikashikana na FC Metz ya Ufaransa. Metz inasaidia kituo, na inakuwa ya kwanza kuchagua wachezaji. Katika mlango huo walipita Sadio Mané mwaka 2011, Ismaïla Sarr mwaka 2016 na Pape Matar Sarr mwaka 2020. Watu husema Metz iliwapata kwa bei ya karanga kisha ikauza kwa mamilioni, na hesabu hiyo si ya uongo. Lakini Génération Foot nayo ilichukua ubingwa wa Senegali mwaka 2017 na 2019. Haikugeuka kuwa kitalu kitupu.

Kule Afrika Kusini mambo yalienda tofauti. Mwaka 1999 Ajax ya Amsterdam iliingia kama mwenye hisa nyingi katika klabu mpya, Ajax Cape Town, na Steven Pienaar akatoka huko kwenda Uholanzi. Mwaka 2018 klabu ikashuka daraja. Mwaka 2020 Waholanzi wakauza hisa zao, na hata jina likaondoka nao: ikaitwa Cape Town Spurs.

Kwa nini klabu ya Ulaya inahitaji ushirika badala ya kumchukua mtoto moja kwa moja? Kwa sababu kanuni ya 19 ya FIFA inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Kijana wa Ndosho mwenye kipaji akiwa na miaka 14 hawezi kwenda Monaco kucheza. Lazima akae mahali, ale, afundishwe miaka minne. Mahali hapo pana thamani ya pesa, na hapa ndipo viongozi wetu wengi wa klabu hukubali upesi mno. Wanafurahia mipira 20 na jezi mbili, kumbe sheria ya FIFA imeshawapa zaidi ya hapo hata bila mkataba wowote.

Tufanye hesabu. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inakwenda kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Tuseme klabu ya Goma ilikuwa na kijana tangu miaka 12 hadi 18, na baadaye, akiwa tayari Ulaya, anauzwa kwa euro milioni 1. Goma inapata euro 25 000. Akiuzwa tena, inapata tena. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa mwaka 2020, TP Mazembe, iliyokuwa naye tangu 2011 hadi mwanzo wa 2016, ilikuwa na haki ya karibu nusu ya asilimia hizo 5, ingawa haikumuuza yeye.

Zaidi ya hapo kuna fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposaini kontra yake ya kwanza ya kulipwa katika nchi nyingine. Klabu ya Ulaya ya ngazi ya kwanza inahesabiwa euro 90 000 kwa kila mwaka wa mafunzo kuanzia miaka 16, na 10 000 kwa miaka ya chini yake. Klabu ya ngazi ya nne, ya mwisho, hailipi fidia. Na kijana akitoka Goma kwenda Lubumbashi au Kinshasa, mfumo huo wa kimataifa haugusi uhamisho wake. Ndiyo maana mara nyingi klabu za mashariki huona vijana wao wakienda sehemu nyingine za nchi na mikono yao ikibaki mitupu; pesa kubwa huanza pale mchezaji anapovuka mpaka, na wakati huo jina la Goma limeshasahaulika kwenye karatasi.

Karatasi, basi. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, inayosoma historia ya mchezaji kutoka katika usajili wa kielektroniki. Asiyesajiliwa hayupo. Na jina likiwa si la kweli, historia nzima inaharibika. Silas Katompa Mvumpa alifichua Juni 2021 kwamba alikuwa akicheza Stuttgart kwa jina la Silas Wamangituka na tarehe ya kuzaliwa isiyo yake. Klabu yake ilisema ilikuwa kazi ya wakala wake wa zamani. Kupunguza miaka ya mtoto, ambako baadhi ya walezi wa ekipe bado wanakuona kama ujanja, ni kuchoma hundi yako mwenyewe.

Halafu kuna hali ya mji. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23. Uwanja wa ndege umefungwa, kwa hiyo ekipe ya Kinshasa haiwezi kutua hapa kucheza. Stade de l'Unité mwezi Februari ulijaa watu, lakini kwa mkutano wa Corneille Nangaa. Benki zilifunga milango, na ofisi ya Paris hailipi klabu kabla ya kukagua akaunti na wenye klabu. Hata kijana wetu akiuzwa kesho, pesa itumwe wapi, na isainiwe na nani? Mtu anayesema ushirika na Ulaya utaokoa mpira wa Goma aanze kujibu hilo.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilienda njia ya matangazo tangu 2018 na Arsenal, kisha PSG, kisha Bayern mwaka 2023. Mapema 2025 waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu hizo tatu akiziomba ziachane na Visit Rwanda. Agosti, Bayern iliondoa upande wa matangazo lakini ikabakiza kituo cha vijana cha Kigali hadi 2028. Jezi imekwenda, kituo kimebaki. Kinshasa ilipotaka kufuata njia ile ile, ingeanza na kituo, kisha jezi. Na kituo hicho kisiwe Kinshasa peke yake.

Kwa klabu za hapa, ikija siku ya kukaa mezani na mgeni, mambo ya kukataa yanajulikana: kuacha haki ya asilimia 5, kuuza hisa nyingi, kubadilisha jina la klabu. Ya kuomba ni mshahara wa makocha, shule ya watoto, na asilimia ya kila mauzo yanayofuata.

Kusajili watoto hakungoji mgeni wala waziri. Shirikisho la FECOFA na ligi ya jimbo, LIFNOKI, ndizo zenye jukumu hilo, na klabu zinaweza kuanza kwa kuandika majina ya kweli na tarehe za kweli za kila mtoto anayefika mazoezini. Mkataba wa Barcelona unaisha 2029. Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2025 huko Majengo atakuwa na 16, na miaka minne ya kwanza ya hesabu yake itakuwa imeandikwa mahali fulani au haikuandikwa.