Mbele ya Kununua Ruta Mupya, Tafuta Pane Kwanza

Ku ofisi ya sendika hatupokei tena paka maneno ya mushahara, ya viatu vya kazi na ya bisi yenye kuchelewa. Wafanyakazi wanakuja sasa na maneno ya intaneti ya nyumbani. "Wifi inakatika." "Inashika dakika kumi, inaachilia." "Nilinunua ruta mupya, nayo iko vilevile." Wengine wanacheka: sendika na wifi, wapi na wapi? Lakini tuangalie vizuri, ndugu wasomaji. Mu makampuni kazaa ya huku kwetu, kutoka Kolwezi mupaka Lubumbashi, mabadiliko ya posti yanatumwa ku telefone. Biletini ya mushahara nayo inatumwa ku telefone. Baba mwenye kulala mu kambi ya mugodi majuma mawili anaona sura za watoto wake mangaribi tu, kwa video, kama ruta ya nyumbani inakubali. Na mufanyakazi mwenye kukosa mesaji ya "kesho unaingia asubui" anaandikiwa absansi, hata kama kosa haiko yake.

Njo maana tunaandika hapa. Feza mingi inatoka mu nyumba za wafanyakazi kwa sababu tunabadilisha vyombo mbele ya kujua nini imekufa. Teknisie anaita, anakula pesa ya mufuko wa unga, anaenda. Kiisha siku tatu pane inarudi. Na sisi watu wa mugodi tungepaswa kujua hii mambo kupita wengine.

Pompi ya kutoa maji mu karieri ikisimama usiku, elektrisie wa kweli hakimbilii motere mupya. Anaangalia kwanza kama umeme unafika. Kama unafika, anafuata kable. Kama kable iko muzuri, njo anafikia motere. Anagusa kitu kimoja, anajaribu, kiisha anapita ku kingine. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na pompi ikazunguka, hautajua nini ilikuwa mbaya, na juma ijayo itasimama tena. Hiyo tunaifanya kazini kila siku. Tukifika nyumbani tunaisahau, tunapiga ruta na mukono.

Ruta ya nyumbani iko na njia tatu. Ya kwanza ni umeme wenye kuingia. Ya pili ni njia ya inje, kati ya ruta na anteni ya kampuni ya telefone (sababu kwetu wengi tunatumia ruta yenye karte SIM ndani). Ya tatu ni njia ya ndani, kati ya ruta na telefone zenu: ile njo wifi yenyewe. Watu wanaita zote tatu "wifi", na shida inaanzia pale. Mama anaona mistari ya wifi imejaa ku telefone, lakini picha haifunguke. Anasema telefone imeharibika. Hapana. Ile mistari inaonyesha tu kama telefone inasikia ruta vizuri. Haisemi kitu juu ya intaneti. Ruta inaweza kusikilika nyumba muzima na hapo haina hata kidogo cha kuwapa.

Tuanzie ku umeme, sababu kwetu njo mahali pane nyingi zinalala. Angalia taa za ruta wakati inakatika. Kama zote zinazimika pamoja, kiisha zinawaka moja-moja, ruta imeanza upya, ilikosa umeme. Inaweza kuwa sekunde moja tu, taa ya nyumba ikafumba jicho na hakuna mutu aliyeona. Lakini ruta ikianza upya inaomba dakika mbili ao tatu mbele ya kurudia ku intaneti. Umeme ukiruka mara tano mu saa moja, munapoteza karibu robo ya saa, na mutoto mwenye kusoma anasema intaneti ni mbovu. Laini kubwa ya Inga–Kolwezi, karibu kilometa 1700, ilimalizika mu miaka ya 1980 kwa kuleta umeme ku shaba. Nyumba za wenye kuchimba ile shaba zinangojea yao na mushumaa. Hilo ni neno la siku ingine, lakini halitatoka mu kichwa changu.

Angalia pia transfo ndogo ya ruta, ile yenye kuingia mu prizi. Imeandikwa juu yake. Upande wa kuingia, nyingi zinasema 100-240V: ni kusema umeme ukishuka toka 220 mupaka 160, inaweza kutumika bado. Kwa hiyo umeme wa chini peke yake haiko kila mara mukosaji. Chenye kuua transfo ni umeme wenye kurudi kwa nguvu kiisha kukatika, na radi ya musimu wa mvua. Umeme ukikatika, toa transfo mu prizi. Ukirudi, ngojea dakika tano. Mvua ya radi ikikaribia, toa tena. Ni kazi ya mukono moja, na mutoto wa miaka kumi anaweza kuifanya kama mumemuonyesha.

Transfo yenye kuchoka iko na alama yake. Ruta inatulia wakati hakuna mutu, na watu watatu wakifungua video pamoja, inazimika. Ao transfo inakuwa moto mupaka mukono unaikataa. Mbele ya kununua ruta, azima transfo ya jirani kwa usiku mumoja. Lakini soma kwanza upande wa kutoka. Kama yenu imeandikwa 12V 1A, ya jirani lazima iwe 12V pia. Ampere zinaweza kupita moja, zisipungue. Na kile kichwa cha kuingia mu ruta kiwe sawa, pamoja na alama ya plus na moins yenye kuchorwa juu ya transfo. Mutu akiweka transfo ya volte 19 ya ordinateri mu ruta ya volte 12, teknisie hana tena kazi pale: ruta imekwisha.

Nyumba nyingi sasa ziko na pano ya jua na batri ya volte 12, na watu wanafunga ruta moja kwa moja ku batri. Ni wazo zuri, lakini batri ya 12 haikaagi ku 12. Wakati jua linaijaza inapanda mupaka volte 14 na zaidi. Ruta zingine zinavumilia, zingine zinaungua polepole: saa sita ya muchana zinaanza kujizima, usiku zinatulia. Mutu anasema ni shetani. Ni volte. Weka katikati kipande kidogo cha kutuliza volte, chenye kutoa 12 tu. Kinauzwa kule kwenye wanauza vitu vya pano, na bei yake haifikii ya ruta.

Kama taa za ruta hazizimike na intaneti bado haiko, tuingie njia ya inje. Jaribio lake ni moja na halilipishwi. Toa karte SIM mu ruta, iweke mu telefone yenye kushika 4G, kaa palepale ruta ilikuwa, saa ileile. Kama telefone nayo inakwama, ruta haina kosa: ni anteni, ao forfe imekwisha. Kama telefone inaenda mbio na ruta ilikuwa inakwama, sasa munaweza kutia shaka juu ya ruta. Dakika tano zinatosha kujua kama munununue ruta ao musinunue. Sijaona sababu gani mutu alipe mbele ya kuifanya.

Forfe, musiichukue kuwa neno la kuchekesha. Telefone sita mu nyumba, kila moja inajaza aplikasio zake usiku bila kuomba ruhusa, na kijana wa jirani aliyepewa neno la siri tangu sikukuu ya mwaka mupya. Asubui mega zimekwisha, na mutu analaumu anteni. Na forfe zingine hazikatiki. Kiisha kiasi fulani zinapunguzwa mbio tu, hivi mutu anazani ni pane. Badilisha neno la siri la wifi, lipe wale wenye kuishi mu nyumba, kiisha angalia juma moja. Kama mambo yanatulia, munajua.

Kuna pia saa. Intaneti yenye kwenda vizuri saa tisa ya usiku na kukwama kila mangaribi toka saa moja mupaka saa ine, haiko pane ya nyumba yenu. Ni anteni moja yenye kubeba kartie muzima, watu wote wamerudi kazini na wamefungua telefone. Ruta ya bei kali haitaifungulia barabara. Lakini munaweza kuisaidia kusikia: iweke karibu na dirisha la upande wa anteni, juu, mbali na malata na tanki ya maji. Chuma kinafunga mawimbi, na maji yanayakunywa. Telefone ikishika wifi ya ruta, andika 192.168.1.1 ao 192.168.0.1 kule mwenye kuandika adresi ya intaneti. Ukurasa wa ruta utafunguka hata kama intaneti yenyewe haiko. Ku ruta nyingi za SIM kuna namba yenye kuitwa RSRP. Karibu na -80 ni muzuri. Ku -110 ruta inasikia anteni kama mutu mwenye kusikiliza redio nyuma ya ukuta. Sogeza ruta, soma tena. Mama mumoja wa kwetu alifanya hii kazi na mwana wake siku ya mungu: ku kabati ilikuwa -112, ku dirisha la jikoni ikawa -94. Hawakununua kitu.

Njia ya ndani ni ya mwisho, na mara mingi ni nyepesi. Kaa metre moja na ruta. Kama pale intaneti inaenda na mu chumba cha nyuma inakatika, ni ukuta. Ruta nyingi za sasa ziko na wifi mbili: ya 2,4 na ya 5 gigaherz. Ya 5 ni mbio lakini inachoka ku ukuta wa matafali. Ya 2,4 ni polepole lakini inapita. Telefone za chumba cha nyuma muzifunge ku ya 2,4. Na kama kila nyumba ya avenue iko na ruta, ile ya 2,4 inajaa. Mu ukurasa wa ruta, chagua kanali 1, 6 ao 11, moja yenye majirani hawatumie sana. Musiweke ruta juu ya televizio ao ya frigo. Kule ni moto, na vumbi letu jekundu la musimu wa jua linafunga matundu yake ya kupumulia.

Neno moja la hatari. Kuzima ruta na kuiwasha ni kitu kimoja. Kutia sindano mu kale katundu kadogo ka "reset" ni kitu kingine. Kuzima hakuharibu kitu. Sindano inafuta yote: neno la siri, jina la wifi, na namna ya kuingia ku mutandao wa kampuni, yenye kuitwa APN. Nyumba ngapi zililipa teknisie si kwa pane ya kwanza, lakini kwa kurudisha kile sindano ilifuta!

Sasa turudi ku sendika. Mukijaribu hivi na mukakuta pane haiko yenu, musikae kimya. Chukua kaye, andika tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi, na kama SIM mu telefone nayo ilikwama. Mutu mumoja akienda ku agence kusema "intaneti yenu ni mbaya", anapewa kiti na tabasamu. Kaye kumi na tano za avenue moja, zenye kuandika saa zilezile, ni neno lingine. Na kama kampuni ya telefone inaziba masikio, kuna ARPTC, mamlaka ya kusimamia posta na telefone iliyowekwa na sheria ya 2002. Kulinda watumiaji ni kazi yake pia.

Kaye ileile itatumika ku muajiri. Kampuni ikichagua kuita watu ku posti kwa mesaji ya intaneti, kwa telefone ya mufanyakazi, kwa mega zenye mufanyakazi alilipa, kwa umeme wenye kuruka, basi haiwezi kuandika absansi kama mesaji haikufika. Aite kwa sauti, abandike karatasi ku mulango wa karieri kama zamani, ao alipe forfe. Delegasio itaweka hii neno ku meza ya mazungumzo yenye kuja, na tunataka kuingia pale na tarehe mu mukono, si na manung'uniko. Delege wa kila posti atakuwa na karatasi yenye mistari tangu juma ijayo: muiombe kwake, muibandike karibu na ruta, na muirudishe kiisha mwezi moja hata kama iko na mistari miwili tu.