Fungate si mbio: juu ya safari za maarusi katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa



Neno fungate lina hekima yake. Wazee wa lugha yetu waliziita hivyo zile siku saba baada ya arusi, ambazo bwana na bibi walikaa ndani, wamepumzishwa kazi zote, wakihudumiwa na jamaa, ili wapate kuzoeana. Kiini cha fungate kilikuwa kukaa. Leo tunalitumia neno hilohilo kwa jambo lililo kinyume chake: maarusi wanatoka kanisani, wanapanda ndege, wanakodi gari, na kwa siku kumi hawalali mara mbili katika kitanda kimoja. Dhidi ya desturi hiyo nataka kusema leo, hasa katika sura yake inayosifiwa kuliko zote: safari ya vituo vingi katika nchi za mizabibu za Ufaransa.

Ratiba yake ni kama wimbo uliokaririwa. Unaanzia Paris. Unakwenda Reims kwa ajili ya divai ya Champagne. Unaelekea mashariki, Strasbourg na Colmar, katika Alsace. Unashuka Beaune, katika Bourgogne. Unashuka tena hadi Avignon, karibu na mashamba ya Châteauneuf-du-Pape. Unavuka upande wa magharibi hadi Bordeaux. Unapanda kaskazini hadi Tours, kando ya mto Loire, halafu unarudi Paris kuiwahi ndege. Vijana wetu walioko Brussels na Paris wanaipanga hivyo, na wengine wanaotoka huku kwetu wanaiga.

Chukueni ramani mjumlishe wenyewe. Mzunguko huo unapita kilomita 2,000. Sehemu moja tu, kutoka Avignon hadi Bordeaux, ni zaidi ya kilomita 500. Katika barabara kuu za Ufaransa mwendo wa juu kabisa ni kilomita 130 kwa saa, na mvua ikinyesha ni 110. Ondoeni saa za usingizi, za kula, za kufunga na kufungua mizigo, za kutafuta mahali pa kuegesha gari katika miji yenye vichochoro vya zamani. Kinachobaki kwa ajili ya divai ni kidogo. Kinachobaki kwa ajili ya mume na mke ni kidogo zaidi.

Nasema wazi: ratiba hiyo ni mbaya. Siilaumu kwa sababu ina divai ndani yake. Wapo watakaonung'unika kwamba katekista hapaswi kusifu pishi za divai. Hao wakumbuke kwamba Yezu alialikwa arusini Kana na hakuwaacha wenyeji waaibike kwa kuishiwa. Wakumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya sifa ya mizabibu ya Bourgogne ilijengwa na watawa. Monasteri ya Cîteaux ilianzishwa mwaka 1098, na watawa wake ndio waliolima shamba la Vougeot lililozungushiwa ukuta, wakalitunza kwa vizazi vingi hadi Mapinduzi ya Ufaransa. Sina ugomvi na divai. Ugomvi wangu ni na haraka, kwa kuwa haraka hiyo inawanyima maarusi vitu vitatu: divai yenyewe, usalama wao, na fedha za nyumba wanayoianza.

Tuanze na divai. Anayesema kwamba ameijua Ufaransa ya divai kwa kupita mikoa sita katika siku kumi hajaelewa alichokwenda kukitafuta. Divai ya Ufaransa imejengwa juu ya mahali. Mwaka 1935 Wafaransa waliweka utaratibu wa kisheria unaolinda jina la divai kulingana na ardhi ilikotoka na jinsi inavyolimwa. Huko Bourgogne wazo hilo limefikishwa mbali kuliko kwingine: mteremko ulioko kusini ya Dijon umegawanywa katika vipande zaidi ya 1,200, ambavyo wenyeji huviita climats, na mwaka 2015 UNESCO iliviandika katika urithi wa dunia. Divai nyekundu ya huko hutokana kwa kawaida na zabibu ya aina moja, pinot noir, na nyeupe hutokana na chardonnay. Zabibu ni ileile. Mkulima anaweza kuwa yuleyule. Lakini ukivuka kijia cha hatua tano unaonja divai nyingine, kwa sababu udongo umebadilika, au mteremko umelielekea jua kwa namna nyingine.

Je, jambo la namna hiyo linaonekana katika mwendo wa kilomita 130 kwa saa? Halionekani. Linaonekana kwa miguu, asubuhi, mkiwa na mkulima anayewaonyesha jiwe na mchanga. Linajulikana mnaporudi kesho yake kuonja tena kile mlichoonja jana. Mzabibu wenyewe ni mwalimu wa subira: ukipandwa leo, husubiriwa miaka kama mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kwanza yanayofaa. Ni ajabu kuuendea mmea wa namna hiyo mbio mbio. Sisi walimu tunamjua mwalimu anayejivunia kwamba amemaliza programu yote ya mwaka, ilhali wanafunzi wake hawajui hata somo la kwanza. Ratiba ya vituo vingi ni programu iliyomalizwa bila kufundishwa.

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo ndilo waandalizi wa safari hizi wanalolinyamazia: nani ataendesha gari? Sheria ya Ufaransa hairuhusu dereva kufikia gramu 0.5 za pombe katika lita moja ya damu, na kwa mwenye leseni mpya, iliyo katika muda wa majaribio, kiwango ni 0.2. Bilauri moja ya kawaida humpandisha mtu kwa gramu kama 0.20 hadi 0.25. Kwa hiyo bilauri mbili zinamfikisha wengi mpakani, na mwenye leseni mpya hana haki hata ya moja. Anayepita kiwango anatozwa faini ya euro 135 na kupunguziwa alama sita za leseni, na akizidi zaidi anafikishwa mahakamani. Lakini faini si kitu mbele ya uhai wa mtu, wao au mpita njia ambaye hakualikwa arusini kwao.

Basi tazameni ratiba ile yenye pishi tatu kwa siku na kilomita 300 kati yake. Inaacha njia mbili tu. Ya kwanza: mmoja anaonja na kufurahi, mwenzake anakaa na funguo mkononi akitazama saa, hiyo ni fungate ya mtu mmoja. Ya pili: wote wawili wanaonja, kisha wanaambiana kwamba hawajanywa sana, huo ni uongo wa kwanza wa nyumba yao, na wanauendesha barabarani. Kweli, kuna njia ya kutema. Wajuzi wote hutema; chombo cha kutemea huwekwa mezani kwa heshima, wala si ufidhuli kukitumia. Lakini kutema mara kumi na tano kwa siku ni kazi ya mnunuzi wa divai. Maarusi wamekwenda kunywa kidogo, pamoja, bila hofu, na hilo ni haki yao. Ratiba inayowanyima haki hiyo imeshindwa kabla ya kuanza.

La tatu ni fedha. Kila kituo kinakuja na gharama zake: ushuru wa barabara kuu, mafuta, chakula cha njiani kwa sababu hakuna jiko, na usiku mmojammoja wa hoteli ambao haupati nafuu ya anayekaa siku nyingi. Gari likirudishwa katika mji mwingine na si ule lilikokodiwa, mara nyingi hulipiwa ziada. Kwa wanaotoka Kongo kuna mzigo mwingine: viza, ambayo tangu mwezi wa sita mwaka 2024 ni euro 90 kwa kila mtu mzima, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na uthibitisho wa mahali pa kulala. Vituo saba ni karatasi saba za hoteli, na moja ikibadilika, ratiba yote inatetereka. Kisha maarusi wanarudi nyumbani na deni. Mwaka wa kwanza wa ndoa unapita katika kulipa picha.

Nimetaja picha kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo mzizi ulipo. Vituo vinaongezwa ili orodha iwe ndefu na watu wa nyumbani wastaajabu. Safari inakuwa ya watazamaji, na wanaosafiri wanakuwa watumishi wa macho ya wengine. Maarusi wamekwisha kuwa wa watu kwa miezi mingi: vikao vya familia, mahari, michango, sare, wageni. Fungate ndiyo saa ya kwanza wanayopewa kuwa wao wenyewe. Kwa nini waitoe tena sadaka kwa umati?

Nasikia jibu la upande wa pili, na ni jibu lenye nguvu: "Hatutakwenda tena. Tiketi ni ghali, viza ni ngumu; tukifika mara moja maishani, tuone vyote." Silidharau. Maskini anayo haki ya kushiba siku ya karamu. Lakini fikirini vema: mgeni ambaye hatarudi tena ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kukaa na kuijua nyumba moja. Aliyeonyeshwa milango sita kwa mbali anarudi na majina sita. Aliyekaribishwa ndani ya mmoja anarudi na sura za watu, na harufu ya mapipa, na sauti ya mwenyeji akieleza mwaka ule wa baridi kali. Mtaka yote hukosa yote. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya watoto peke yao.

Basi nipendekeze nini? Mkoa mmoja, na kitanda kimoja, au viwili kwa wingi. Nitoe mfano wa Bourgogne. Njia ya divai bora inayotoka Dijon hadi Santenay ni kilomita 60 hivi. Siku tano haziimalizi. Kati ya Dijon na Beaune kuna treni. Kutoka Beaune hadi Santenay kuna njia ya baiskeli, zaidi ya kilomita 20, inayopita katikati ya mizabibu. Gari laweza kukodiwa siku moja tu, siku ya kutoonja. Pishi moja asubuhi, moja jioni, inatosha. Mwandikieni mkulima mapema, kwa kuwa nyumba nyingi ndogo hupokea wageni kwa miadi, na mwezi wa tisa, wakati wa mavuno, wengi hawana nafasi. Anayependa Alsace, njia yake ya divai, iliyozinduliwa mwaka 1953, ina kilomita 170 hivi, na vijiji vyake vimekaribiana. Anayependa Bordeaux akae Saint-Émilion, ambako treni inafika na ambako kanisa zima limechongwa ndani ya mwamba.

Na wakiwa Beaune, maarusi waingie katika hospitali ya kale, Hôtel-Dieu. Ilianzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, kansela wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mkewe Guigone de Salins, kwa ajili ya maskini wagonjwa. Hadi leo taasisi hiyo ina mashamba ya mizabibu iliyoyapata kwa sadaka za watu, na tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada, kila Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi na moja. Watazame sakafu. Katika vigae kuna neno moja la Kifaransa cha zamani, Seulle, maana yake pekee, na kando yake nyota: Rolin alikuwa akimwambia mkewe kwamba yeye ndiye nyota yake ya pekee. Mume alikufa mwaka 1462. Mke alibaki kuitunza hospitali hadi kifo chake mwaka 1470, na amezikwa katika kikanisa chake, kati ya wagonjwa aliowapenda.

Kile kigae kinahitaji mtu anayesimama na kuinamisha kichwa. Katika ratiba ya vituo saba Beaune imepewa saa tatu, pamoja na chakula, na hakuna anayeinama.

Ninyi wachumba mnaopanga sasa, na ninyi wazazi na wasimamizi mnaoombwa ushauri: ratiba ya fungate ni bajeti ya kwanza ya nyumba na mapatano yake ya kwanza. Humo mume na mke wanajifunza kuchagua kimoja na kuacha vingine bila majuto, jambo lilelile waliloliahidi mbele ya altare. Kaeni chini, wawili, na kalamu. Futeni kituo. Futeni kingine. Endeleeni kufuta mpaka ibaki mizabibu ambayo mtaweza kuiendea kwa miguu, mkiwa mmeshikana mikono, bila mmoja wenu kushika funguo za gari.