Nani Atawakutanisha?

Mji wetu wa Morogoro haukosi wasomi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo tangu mwaka 1984, Mzumbe ikapata daraja ya chuo kikuu mwaka 2001, na Waislamu tukapata chuo kikuu chetu hapa hapa mwaka 2005. Lakini tupitapo mitaani baada ya sala ya alasiri twawaona vijana waliohitimu wamekaa barazani, vyeti vimo sandukuni, na wazazi waliouza shamba ili wasome waogopa hata kuwauliza.

Mwezi uliopita mzee jirani yetu alitulalamikia. Yeye hununua mdalasini na pilipili manga za Kinole na Matombo, husaga na kuuza katika pakiti. Mzigo wake mzima ulikuwa umeota ukungu, kwa kuwa ulifungwa kabla ya kukauka sawasawa. Na nyumba ya tatu kutoka kwake yupo binti aliyesomea sayansi ya chakula! Babaye binti husali safu moja na mzee huyo. Sisi nasi tuliomfundisha binti alifu na be hatukuwahi kumwuliza alisomea nini chuoni. Lawama hii twaikubali.

Katika Sura ya Al-Qasas imo habari ya Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan, mgeni asiye na kazi. Mzee wa huko alikuwa na mifugo, wala hakuwa na mtu wa kumsaidia. Aliyewakutanisha ni binti wa mzee, aliyekwisha kumwona Musa akiwanyweshea wanyama wao. Akamshauri babaye amwajiri, kwa nguvu na uaminifu wake. Kisha masharti yakatajwa wazi: miaka minane, au kumi akipenda mwenyewe. Cheti hakuulizwa.

Jirani yetu alihofu kwamba msomi atataka mshahara wa serikali. Binti naye aliona haya kufanya kazi uani penye mashine moja. Tukawaketisha pamoja na babaye. Wakapatana miezi mitatu ya majaribio, ujira ukaandikwa, ulipwe kila Alhamisi bila kuchelewa, maana Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka. Kazi ya kwanza ya binti ilikuwa kujengesha chanja, mdalasini usianikwe tena chini.

Twawaomba maimamu na walimu wenzetu waweke daftari msikitini: upande mmoja vijana na walichosomea, upande wa pili wenye kazi na ujuzi wanaoukosa. La kwetu limekwisha kufunguliwa. Upande wa vijana umejaa kurasa nne. Upande wa pili una majina mawili tu, la seremala na la mwenye mashine ya kukoboa mpunga.