Maisha Matamu, Masikio Mazito



Wapendwa, juma hili natafakari juu ya filamu ya Kiitalia iliyowahi kukemewa vikali ndani ya Kanisa, nami nathubutu kusema haikutendewa haki. Ni La dolce vita, yaani "Maisha Matamu", ya mwongozaji Federico Fellini, iliyotoka mwaka 1960. Gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliishambulia kana kwamba inahubiri anasa. Mapadre Wajesuiti wa kituo cha San Fedele, Milano, waliona vinginevyo wakaitetea. Mwaka uleule ikatunukiwa tuzo kuu ya Cannes.

Marcello, anayeigizwa na Marcello Mastroianni, ni mwandishi wa habari za udaku jijini Roma. (Mpiga picha anayeandamana naye huitwa Paparazzo, ndiko lilikotoka jina la mapaparazi.) Usiku baada ya usiku anaikimbilia raha. Wengi hukumbuka tukio moja tu: Anita Ekberg, katika gauni jeusi, ndani ya chemchemi ya Trevi. Wachache hukumbuka linavyokwisha. Maji yanakatika ghafla, kumekucha, na wawili wale wamesimama wameloa, mikono mitupu. Je, hayo ndiyo matangazo ya anasa?

Hata hivyo, anayenisumbua zaidi ni Steiner. Huyu si mtu wa vilabuni. Ana mke, watoto wawili, vitabu, marafiki wasomi. Tunamkuta kanisani akipiga muziki wa Bach kwa kinanda. Marcello anayatamani maisha yale, akidhani huko ndiko furaha iliko. Kumbe ni Steiner huyohuyo anayewaua wanawe wote wawili na kujiua. Sisi wahubiri tu wepesi wa kuonya juu ya madisko na pombe. Ni mara ngapi tumemwuliza muumini nadhifu wa benchi la mbele, aliyeketi na familia yake, kama moyo wake una amani? Mwandishi wa Kitabu cha Mhubiri alijaribu divai, bustani na dhahabu, akajaribu na hekima pia, na hakuna kilichomshibisha.

Filamu inafunguka kwa sanamu ya Kristo ikining'inia chini ya helikopta, ikipita juu ya Roma kuelekea Vatikani. Wapo walioona hapo kejeli kwa dini. Mimi naona maombolezo. Marcello, katika helikopta ya pili, anaacha kuifuata sanamu ili azungumze na wanawake wanaoota jua juu ya paa, na kelele za injini zinameza maneno yote.

Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani. Fellini yumo, kwa La strada na 8½. La dolce vita haimo. Ningalikuwa na sauti katika jambo hilo, ningaliiongeza.

Kwa hiyo nawasihi ninyi watu wazima mtakaoitazama, msiishie Trevi. Fikeni hadi ufukweni, alfajiri, baada ya karamu ya aibu. Paola, binti aliyewahi kumhudumia Marcello mkahawani, anamwita kutoka ng'ambo ya mkondo wa maji. Mawimbi yanaifunika sauti yake. Marcello anaashiria kwamba hasikii, kisha anageuka na kuwafuata wenzake. Binti anabaki akitabasamu, halafu taratibu anageuza uso na kututazama sisi.