Cheti cha Tabibu ni Amana



Juzi, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja uso umemsawijika. Mwanawe amepata nafasi katika meli kubwa ya kuvua jodari, naye ametakiwa akapimwe afya kwanza. Kijana huyo ana kifafa, humjia kwa nadra. "Maalim," akatuuliza, "nikimwambia amfiche daktari, nitapata dhambi? Nyumba yote yamtegemea yeye."

Hatukumkemea, kwani dhiki ya nyumba twaijua. Tulimweleza kwanza sheria yataka nini.

Mkataba Namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Novemba 2017, wataka kila mvuvi awe na cheti cha tabibu kabla ya kufanya kazi chomboni. Nchi yaweza kuvisamehe baadhi ya vyombo, kwa kutazama ukubwa wake, muda wa safari na ukaribu wa matibabu. Msamaha huo haukigusi chombo chenye urefu wa mita 24 au zaidi, wala kile ambacho kwa kawaida hukaa baharini zaidi ya siku 3. Katika vyombo hivyo, cheti kishuhudie kwamba mvuvi asikia na kuona vya kutosha kwa kazi yake, na kwamba hana maradhi yatakayozidishwa na bahari, au kumfanya asiiweze kazi, au kuwahatarisha wenzake.

Tuliyatua hayo mwisho, "kuwahatarisha wenzake". Kifafa kikimshika kijana ukingoni mwa meli usiku, hospitali iko mbali mwendo wa siku kadhaa, na atakayejitosa kumwokoa ni mtoto wa mama mwingine. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu tukufu. Basi kumficha tabibu si hila ya riziki. Ni kuvunja amana ya watu ambao hawakushauriwa.

Mama akainama, kisha akasema, "Na wakimkataa?"

Hapo tukamwonyesha mlango ambao wengi hawaujui. Mkataba huohuo wampa haki aliyenyimwa cheti, au aliyewekewa mipaka ya kazi, apimwe tena na tabibu wa pili aliye huru. Huenda huyo akaona vingine, huenda akaafiki. Akiafiki, bahari si mlango pekee wa riziki. Wapo wanaoshona nyavu na wanaouza samaki nchi kavu, na wakala halali. Nasi majirani tusiiache nyumba hiyo ilale njaa kwa kuwa imesema kweli.

Enyi mama na wake wa wavuvi, kitazameni cheti kabla mume au mwana hajaondoka. Katika meli hizo muda wake hauzidi miaka 2, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi mwaka 1. Kikiisha safarini, huendelea kufaa hadi safari hiyo imalizike. Na kwa vyombo vidogo vilivyosamehewa, msingoje kulazimishwa: asiyeona vyema machweo asishike usukani.

Kijana amekwenda kwa daktari, na amesema kweli. Majibu twayangoja pamoja na mamake. Mwenyezi Mungu amfungulie riziki isiyo na majuto.

Wabillahi tawfiq.