Lango Likizima Ufipa, Fundi Aanze na Waya

Anayesimama kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale nchi ya juu ya Ufipa inapokatika na kuporomokea Bonde la Rukwa, huona mbali kuliko simu yake inavyoshika mtandao. Ziwa Rukwa limelala chini yake kwa mamia ya mita, na katikati hakuna jengo wala mlima wa kuzuia mawimbi. Kwa hesabu ya kawaida ya mafundi wa redio, antena iliyo juu ya tambarare kwa mita 900 ina upeo unaopita kilomita 100. Ni nchi iliyoumbwa kwa ajili ya redio.

Ndiyo maana teknolojia ya redio ya LoRa inaifaa Ufipa kuliko miji mingi inayojisifia ukisasa. Ilibuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Inatumia nguvu kidogo mno. Mwaka 2017 kifaa chenye miliwati 25 tu, kikiwa kwenye puto karibu kilomita 39 angani, kilisikika kutoka umbali wa kilomita 702 huko Ulaya. Gharama yake ni mwendo: haipitishi picha wala sauti, bali tarakimu chache. Lakini tarakimu chache ndizo zinazotakiwa, iwe ni kina cha mto, mvua iliyonyesha Laela au unyevu ndani ya ghala la mahindi, zao ambalo kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu wake uzidi asilimia 13.5.

Tarakimu hizo huokotwa na lango, yaani mtambo unaosikiliza vihisi vyote vya eneo na kuvipeleka vipimo vyake kwenye intaneti. Lango la dukani ni ghali. La kujitengenezea huhitaji kompyuta ya bodi moja kama Raspberry Pi, kadi ya redio, antena na boksi lisilopitisha maji. Maelekezo ya kuliunganisha yamejaa kila mahali, na kijana mwenye utundu hulimaliza katika siku za mapumziko.

Tatizo huanza wiki kadhaa baadaye, lango linaponyamaza.

Hapo ndipo mipango mingi ya teknolojia vijijini hufia. Bajeti hununua vifaa, hulipia uzinduzi na fulana, na haiachi hata shilingi kwa mtu wa kupanda juu ya bati kuangalia kilichoharibika. Lango la nyumbani lina faida moja kubwa juu ya lile la dukani: linafunguka. Faida hiyo ni bure iwapo hakuna aliyefundishwa kulifungua kwa mpangilio. Kinachofundishwa mara nyingi ni programu, wakati mitambo hii mara nyingi huugua umeme na waya.

Umeme kwanza. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulitegemea umeme kutoka Zambia na majenereta ya dizeli, kwa kuwa gridi ya taifa haikuwa imeufikia, na wenyeji wanajua kukatika kwa umeme kulivyo. Kompyuta inayozimwa ghafla ikiwa inaandika kwenye memori kadi huweza kuiharibu kadi hiyo, na asubuhi haiwaki. Kosa la pili ni chaja ya simu yenye waya mwembamba. Raspberry Pi 4 hutaka volti 5 na hadi ampea 3. Volti zikishuka chini ya takriban 4.63, bodi hupunguza kasi na kuanza kufanya mambo ya ajabu ambayo fundi huyahesabu kuwa kosa la programu. Amri ya vcgencmd get_throttled humaliza ubishi kwa sekunde moja: jibu likiwa 0x0, tangu bodi iwashwe umeme haujayumba. Likiwa jingine, fundi asiguse programu kabla ya kubadilisha chaja na waya.

Kuna na hili la saa, ambalo huwatesa hata wazoefu. Bodi nyingi za aina hii hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, lango huamka likiamini kwamba bado ni jana usiku. Likijaribu kuongea na seva kwa njia ya usalama, ukaguzi wa vyeti unaweza kushindwa kwa sababu tarehe haziendani, na ujumbe unaotokea hautaji saa hata kidogo. Saketi ndogo ya saa yenye betri ya kidonge huondoa balaa hilo.

Baada ya umeme ni kadi ya redio, ambayo lazima ipigwe riseti kupitia pini moja ya bodi kabla programu haijaanza. Pini za bodi zina majina mawili, na hapo watu hupotea. Kadi ya RAK2245 hutumia GPIO 17, ambayo kwenye bodi ni pini ya 11. Anayehesabu pini hadi ya 17 anajikuta kwenye umeme wa volti 3.3, na programu itamjibu kila siku kwamba kadi imeshindwa kuanza. Wengine lango lao lilifanya kazi vizuri mpaka siku waliposasisha mfumo: kuanzia kerneli 6.6, hati za zamani za riseti haziipati tena pini hiyo kwa namba 17 bali 529. Kanuni ya kuandika kwenye daftari ni kwamba lango linalofanya kazi halisasishwi siku ya Ijumaa.

Kisha antena, ambako fedha huvuja bila mtu kuona. Mita 10 za waya wa RG58 hula zaidi ya nusu ya nguvu katika masafa ya megahezi 868; waya mnene wa LMR-400 hula karibu robo tu. Vichwa vya waya navyo vina hila. SMA na RP-SMA hufungana vizuri kabisa kwa nje, kumbe ndani sindano haijagusa kitu. Kuwasha redio ya kurusha bila antena kunaweza kuiua kabisa.

Antena ikiwa salama, bado ipo ardhi. Lango lililowekwa katikati ya mji wa Sumbawanga halitaiona Muze, iliyo bondeni chini ya ngema, hata likinunuliwa antena ya dhahabu, maana safu ya Mbizi imekaa katikati. Hata antena iliyo juu uwandani, ikirudishwa nyuma kidogo tu kutoka ukingoni, huacha kivuli chini ya ngema: kijiji cha mbali ziwani kikasikika, na cha karibu kisisikike. Fundi asiyelijua hilo atabadilisha kadi nzima bure, na mfadhili ataambiwa kwamba teknolojia haifai.

Wapo majirani waliovuka hatua hii. Huko Nyeri, Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wameweka vihisi vya kina cha maji kwenye mto Muringato, vikituma vipimo kwa LoRaWAN, mtandao unaojengwa juu ya LoRa. Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda ilianza kutumia mtandao huo kwa ulinzi mwaka 2017. Lakini wa Nyeri wanaishi na mto wao mlangoni pa chuo. Mhandisi huenda kwa miguu. Kutoka Sumbawanga hadi Kirando au Kasanga si mwendo wa miguu.

Halafu radi. Watanzania wa mikoa mingine hupenda kutania kuhusu radi ya Sumbawanga na wanaodhaniwa kuituma. Utani huo haumsaidii mwenye mlingoti wa chuma uliopita mapaa yote ya jirani kati ya Novemba na Aprili. Radi ikipiga mti wa karibu, mshtuko wake husafiri kwenye waya wa antena hadi kwenye kadi. Kizuia radi kati ya antena na kadi, kikiunganishwa na waya wa athi uliozikwa vyema, huokoa mitambo mingi, ingawa radi ikipiga mlingoti wenyewe hakuna kifaa kitakachopona. Kwenye orodha za vifaa vya mradi, kizuia radi na nondo ya athi ndivyo hukatwa kwanza bei inapobanwa. Halmashauri yoyote ya Rukwa itakayoletewa andiko la vihisi vya mvua au mito ilirudishe kwa mwandishi iwapo halina mistari mitatu: kizuia radi, memori kadi ya akiba iliyokwisha kuandaliwa, na posho ya fundi anayeishi wilayani humo. Uthibitisho wa vifaa vya redio kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) uwe mstari wa nne, uandikwe kabla antena haijapanda.